Joginder Singh: Ubingwa wa Kufika



Wapendwa waamini, vijana wetu wa bodaboda kati ya Mtwara mjini, Madimba na Msimbati humsifu dereva kwa neno moja: "anakimbiza". Kwa sifa hiyohiyo wengi humkumbuka Joginder Singh, bingwa wa mbio za magari za Safari Rally, aliyefariki London mwaka 2013. Waandishi wa Kiingereza walimwita Kalasinga arukaye. Sisi twaona kwamba sifa hiyo haimtoshi, tena yapotosha.

Alizaliwa Kericho, Kenya, mwaka 1932, akawa fundi katika gereji ya baba yake. Alishinda mwaka 1965, 1974 na 1976, akiwa wa kwanza kutwaa ushindi huo mara tatu. Lakini iko hesabu iliyo kubwa zaidi: katika Safari 22 alizoshiriki, alifika mwisho mara 19. Mbio hizo zilifanyika wakati wa Pasaka, majira ya masika, kwa maelfu ya kilomita za tope na vumbi. Mwaka 1963 ni magari saba tu yaliyomaliza. Wenye kasi walikuwa wengi. Waliofika walikuwa wachache.

Ushindi wa 1965 aliupata pamoja na nduguye Jaswant, katika Volvo iliyokwisha kutumika katika mashindano. Fundi hujua chuma kinavumilia nini, na wapi pa kupunguza mwendo.

Watakuwapo wa kusema kwamba mashindano hayashindwi kwa upole. Ni kweli. Lakini mwenye kuiga kasi ya bingwa pasipo ufundi na uangalifu wake, ameiga vumbi tu.

Joginder hakuwa Mkristo, walakini maisha yake yatufundisha. Mtume Paulo, akimwandikia Timotheo huku kifo kikimkaribia, hakujisifu kwa kutangulia, bali kwa kuumaliza mwendo na kuilinda imani. Ndivyo zilivyo ndoa zetu, ubatizo wetu na miito yetu: kuanza kwa shangwe si kazi, kazi ni kufika.

Nanyi vijana wetu, abiria mliyempakia ni amana ya Mungu. Kagueni breki, vaeni kofia ngumu, punguzeni mwendo penye mchanga. Ni heri kufika Msimbati mmechelewa kuliko kuletwa kanisani mmebebwa.