Ukikadiria Kimo cha Mtoto, Laptopu Itakuchomea

Wasee, leo acha niwape stori ya aibu yangu mwenyewe.

Niliwahi kupata kazi ya siku chache Turkana, kupima watoto wa chini ya miaka 5 kwenye utafiti wa lishe. Uzito, kimo, mzunguko wa mkono. Kimo unafaa kukisoma hadi milimita. Lakini jua la Turkana mnalijua ama mnalisikia tu? Kufika boma la kumi mtoto analia, mama anataka kwenda kuteka maji, na mimi nikiona 81.6 naandika 82. Nani atajua?

Programu ilijua. Inaitwa ENA, ni ya bure, na ndiyo hutumika kwa tafiti za SMART. Jioni msimamizi akaingiza namba zetu, ripoti ikaonyesha timu yangu ina sifuri na tano nyingi mno mwishoni. Kumbe tarakimu zote, 0 hadi 9, zinafaa kutokea karibu sawa. Watoto hawakui kwa sentimita kamili, manze. Nilichomeka mbele ya kila mtu.

Sasa kuna vijana wa data huku mtaani wanaamini ukishapata programu kali, kazi imeisha. Zii. ENA na Anthro ya WHO zinachukua namba uliyoleta na kuilinganisha na viwango vya ukuaji vya WHO vya 2006, vilivyotokana na watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Kimo kwa umri kikiwa chini ya -2, mtoto anahesabiwa amedumaa. Programu haijawahi kumwona huyo mtoto. Inaweza kushuku tu.

Umri ndio mbaya zaidi. Mama hana kitabu cha kliniki, na badala ya kukaa naye na kalenda ya matukio (mvua ile, uchaguzi ule), unaandika miezi 24 uende zako. Kama ana 28, umemfanya mdogo, kwa hivyo kimo chake kinaonekana poa. Umefuta udumavu kwa biro. Programu itaona 24 zimerundikana, lakini haiwezi kukurudishia umri wa kweli.

Na wakubwa wasijifiche. Ukipangia timu maboma mengi hivyo kwa siku moja, hizo sifuri pia ni zako.

Siku iliyofuata nilisoma kila kimo kwa sauti, mwenzangu akarudia ndio akaandika. Tulirudi usiku, chakula kimeisha.