Hiyo Picha Uliyotumiwa, Ni Picha Kweli?

Tuseme ukweli: linki tunaitilia shaka, lakini picha? Tunafungua tu.

Mwishoni mwa Desemba 2005, watumiaji wa Windows walipata funzo chungu. WMF, faili ya picha iliyokuwa ya kizamani hata wakati huo, ndani yake ni orodha ya amri: chora mstari hapa, paka rangi pale. Amri moja iliruhusu faili kubeba programu ndogo, eti ya kutumika uchapishaji ukikatizwa. Wezi wakapitia hapo hapo. Kuangalia picha tu kulitosha kuingiza programu yao. Microsoft ilitoa marekebisho Januari 5, 2006, bila kungoja siku yake ya kawaida.

Ndiyo maana hatukubaliani na wanaosema ukificha PIN umemaliza. Simu ikishaingiliwa, PIN inaweza kusomwa ukiibonyeza. Sasisha simu yako, hata kama inakula bando (na bando si rahisi, tunajua). Na ukitumiwa "picha ya risiti" WhatsApp, halafu simu ikuulize kama unataka kusakinisha programu, hiyo si risiti. Kataa, kisha angalia salio lako mwenyewe.