Picha zimezunguka dunia, lini zitarudi nyumbani?

Ndugu zangu, kule Ndutu, mahali nyanda za Serengeti zinapokutana na eneo la hifadhi ya Ngorongoro, kuna kaburi la mpiga picha. Jina lake Hugo van Lawick. Alikuwa Mholanzi, kazaliwa Surabaya, Indonesia, mwaka 1937, akafariki dunia Dar es Salaam Juni 2002. Kwa miaka mingi aliishi pale Ndutu kwenye mahema, chini ya migunga, yeye na kamera zake. Nyumbu wakizaa yupo, mbuga ikikauka yupo.

Namleta hapa leo kwa sababu maisha yake yanatuachia swali ambalo sisi waandishi wa kizazi hiki tunalikwepa. Hivi picha ya mnyama hupigwa kwa ajili ya nani?

Kwanza tumpe haki yake. Mwaka 1962 National Geographic ilimtuma Gombe, Kigoma, akampige picha binti wa Kiingereza, Jane Goodall, aliyekuwa akiwachunguza sokwe tangu Julai 1960. Jane alikuwa ameshaona sokwe akichomeka unyasi kwenye kichuguu, anautoa umejaa mchwa, anakula. Wakati huo wasomi wengi waliamini kwamba anayetengeneza na kutumia zana ni binadamu peke yake. Maandishi ya binti asiye na shahada yangeweza kubishiwa mpaka kesho. Filamu ya Hugo ikawaonyesha watu jambo lenyewe kwa macho yao.

Wawili hao walioana 1964. Miaka miwili baadaye wakaripoti kwamba tai weupe wala mizoga wa huku kwetu huokota mawe kwa mdomo na kuyatupia mayai ya mbuni mpaka yapasuke. Kisha wakafuata fisi, bweha na mbwa mwitu, wakatoa kitabu 1970. Thamani ya kazi ile ya mbwa mwitu ilikuja kuonekana baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 makundi yaliyokuwa yakifuatiliwa na watafiti ndani ya hifadhi ya Serengeti yalitoweka, na mpango wa kuwarudisha ulianza 2012. Katika miaka hiyo ya katikati, picha ndizo zilizobaki kusema kwamba walikuwepo na waliishi hivi.

Kwa hiyo simbezi mpiga picha. Picha ni ushahidi, na ushahidi hulinda.

Sasa tuje kwenye hoja. Filamu ya kwanza ya Gombe ilionyeshwa kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1965. Je, wadau mnakumbuka Tanzania Bara tulianza lini kuwa na kituo chetu cha televisheni? Ni 1994! Zanzibar walitutangulia kwa miaka ishirini na zaidi. Maana yake ni kwamba kwa karibu miaka thelathini mtoto wa Chicago angeweza kukaa sebuleni kwao akawafahamu sokwe wa Gombe kwa majina, wakati mtoto wa Mwamgongo, kijiji kinachopakana na Gombe yenyewe, anawasikia tu wakipiga kelele mlimani. Mmoja amefundishwa kuwapenda. Mwingine ameambiwa asiingie msituni kukata kuni. Halafu tunashangaa kwa nini uhifadhi unaonekana ni jambo la wageni!

Liko na jambo zito zaidi. Picha nyingi za Serengeti zilizoizunguka dunia hazina mtu ndani yake. Kuna simba, kuna nyasi, kuna jua linazama, basi. Mtazamaji anajifunza kwamba pale hapakuwahi kuwa na mtu. Lakini Wamasai walichunga pale, na ni mwaka 1959 Serengeti ilipotenganishwa na Ngorongoro ndipo walipohamishiwa upande wa Ngorongoro. Mwaka 2022 serikali ilianza kuhamishia familia za Ngorongoro kule Msomera, Handeni, na mabishano yakawa makubwa, nje na ndani ya nchi. Leo sitaamua nani ana haki. Ninachosema ni kwamba wengi tuliobishana, kuanzia vijiwe vya kahawa hadi bungeni, ardhi ile tunaijua kwa picha tu, na ni picha zilizomwacha mwenyeji nje ya fremu.

Najua wapo watakaosema: filamu zile zililipiwa na fedha za wenyewe, sasa wewe unalalamika nini? Hoja hiyo ina ukweli. Wala Hugo hakuwa mtalii wa siku tatu, maana alitumia hapa sehemu kubwa ya maisha yake na hapa akazikwa. Deni ninalolisema si lake peke yake. Ni letu, maana ardhi yetu, wanyama wetu na vibali tunatoa sisi.

Na kwamba picha inaweza kurudi nyumbani ikafanya kazi, mfano uko huko huko Kigoma. Misitu nje ya Gombe ilikuwa imekatwa, vilima viko wazi, udongo unaporomoka. Mwaka 1994 taasisi ya Jane Goodall ikaanzisha na vijiji mradi wa TACARE. Baadaye wakaleta picha zilizopigwa na setilaiti, wakazitandaza mbele ya wanakijiji. Wanakijiji wakanyoosha vidole: huu mto wetu, hii njia ya shamba, hapa palikuwa na msitu. Picha hizo zikaingia kwenye mipango yao ya matumizi ya ardhi, na maeneo ya hifadhi ya vijiji yakatengwa. Picha ile haikushinda tuzo yoyote, lakini aliyeitazama ndiye mwenye jembe na panga.

Sisi wa magazeti nasi tusijifanye hatumo. Habari ya hifadhi huwa ni waziri kukata utepe, na picha ya simba inachukuliwa kwenye intaneti. Mwandishi anafika mbugani siku kuna msafara na posho, jioni anarudi mjini. Mpiga picha wa gazeti kukaa wiki mbili kijijini pembezoni mwa hifadhi? Utaulizwa kama una akili timamu.

Tufanye nini basi? Msingi upo. Chuo cha Mweka kipo tangu 1963, klabu za Malihai mashuleni tangu 1980, na Roots & Shoots ilianzia hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi kumi na wawili wa sekondari. Napendekeza mambo matatu. Kwanza, anayepewa kibali cha kupiga filamu hifadhini aache nakala yenye maelezo ya Kiswahili, ionyeshwe kwenye shule za vijiji jirani. Wazee wetu walikuwa na gari la sinema likizunguka vijijini, sembuse leo? Pili, klabu za shule zitoke darasani. Kiingilio cha raia si kikubwa, tatizo ni usafiri, na mabasi ya halmashauri yakipatikana kwa mikutano ya siasa yapatikane na kwa watoto. Tatu, tuwape vijana wa vijiji hivyo kamera na mafunzo. Hugo alijua njia za nyumbu kwa sababu alikaa nazo. Nani amekaa nazo kuliko waliozaliwa pale?

Jane Goodall naye alituaga Oktoba 2025, akiwa na miaka 91. Kizazi kilichotutangazia wanyama wetu kinaondoka. Tukiendelea kusubiri mgeni mwingine aje atuonyeshe kilicho nyuma ya nyumba yetu, siku watakapoisha tutabaki na picha tu, nazo tutazinunua kwa dola.

Nawasilisha.