Vijana wa kompyuta, mkifungua njia muifunge

Vijana wetu wanaotengeneza programu Goma na Bukavu wana njia rahisi ya kumwonyesha mteja kazi kabla haijakamilika: ngrok au Cloudflare Tunnel. Mashini ya kijana inajiunga yenyewe na seva ya nje, inapewa anwani ya intaneti, na mteja aliye Kinshasa anaona kazi bila kijana kukodi seva. Njia hii ni nzuri, isikatazwe.

Lakini anwani hiyo haichagui mtu. Yeyote atakayeipata anaweza kuingia, na programu ya majaribio mara nyingi haina ulinzi. Kama ndani mna orodha ya kweli ya wakimbizi wa vita, majina na namba za simu, huku kwetu hilo ni jambo la uhai wa watu. Sheria ya mambo ya kidijitali ya Machi 2023 nayo inalinda habari za watu binafsi.

Kwa hiyo majaribio yafanywe kwa majina ya kubuni, nenosiri liwekwe, na mteja akimaliza kuangalia, njia ifungwe. Mashirika nayo yasiwakabidhi vijana orodha za kweli kabla kazi haijawa tayari.