Tetemeko ao dinamiti?

Wamama wenzetu, kila nyumba zinapotikisika hapa Kolwezi, simu zinajaa sauti: tetemeko kubwa linakuja usiku, laleni inje na watoto! Tusizitume mbele. Hakuna mtaalamu duniani anayeweza kutaja siku na saa ya tetemeko.

Matetemeko ya kweli yapo. Tarehe 5 Desemba 2005 ardhi ilitikisika Ziwa Tanganyika kwa kipimo cha 6.8, na kule Kalemie nyumba zilianguka. Lakini hapa kwetu, mara nyingi ni dinamiti ya mashimo ya shaba na kobalti: kishindo kimoja, kifupi, kisha vumbi. Na anayesema uchimbaji hauwezi kamwe kuleta tetemeko, huyo naye tusimwamini. Machimbo ya dhahabu ya Afrika Kusini, yenye kina kirefu sana, yanayaleta.

Uvumi unakua kwa sababu hatuambiwi saa za kulipua. Twende pamoja kwa shefu wa kartye, tuombe zibandikwe mahali pa wazi. Ukuta ukipasuka, tuandike tarehe na saa kwenye kaye, tupime urefu wa ufa. Nyufa za zamani tuziandike ukurasa mwingine, zisichanganywe na za leo.