Tuache kumlaumu shofa: pikapu inavunjika siku ya kununuliwa

Kila mara pikapu inapolala ubavu kwenye miteremko ya Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola, maneno ni yale yale: shofa alikuwa amelewa, breki zilikatika, ni mapenzi ya Mungu. Mimi nasema hapana. Mara nyingi kosa lilifanyika siku ile watu walipokaa kuchagua gari.

Wiki hii kikundi cha wakulima wa mpunga katika bonde la Ruzizi kimeniambia kwa furaha kwamba kinachanga pesa kinunue pikapu ya kabine mbili. Nikauliza: itabeba kilo ngapi? Mwenyekiti akajibu: "Iko na nguvu, ni 4x4." Hilo si jibu.

Tufanye hesabu. Pikapu nyingi za namna hiyo zinabeba takriban tani moja, na ndani ya hiyo tani mnahesabiwa na watu. Shofa na wenzake wanne, kilo 70 kila mmoja, ni kilo 350. Zinabaki 650, yaani mifuko 13 ya kilo 50. Kumi na tatu! Na sisi wote tunajua watapakia 30, kisha wamama wa nyanya wapande juu.

Mifuko 30 ni kilo 1500, na karibu uzito wote unalalia ekseli ya nyuma, ambayo tayari inabeba sehemu ya gari yenyewe. Sanduku la kabine mbili ni fupi, basi mzigo unasukumwa mpaka nyuma ya magurudumu. Pua inainuka, usukani unakuwa mwepesi, na kwenye kona gari haimsikii tena shofa.

Fundi atasema: tuongeze lama za resori. Hapo ndipo ninapokasirika. Lama zinainua gari isikalie matako, basi. Haziongezi nguvu ya ekseli, hazikuzi breki, hazigusi beringi wala matairi. Tairi nayo iko na namba yake: 95 ni kilo 690, 112 ni kilo 1120. Nani anaiangalia anaponunua tairi ya okazioni? Na kwenye vizuizi, askari anahesabu noti, hahesabu mifuko.

Uzito ulioruhusiwa umeandikwa kwenye kibati, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango. Gari za mizigo kutoka Japani zinaandikwa nyuma. Kijapani huwezi kukisoma, lakini namba na "kg" unazisoma. Ukikuta zimekwanguliwa, uliza sababu.

Ndugu zangu wa mpunga, kabine mbili ni ya kupeleka wakubwa kwenye mikutano. Kama mnapandisha mifuko 40 kila soko, hizo ni tani mbili. Tafuteni lori ndogo ya magurudumu mawili mawili nyuma, hata ikiwa kuukuu. Mwenyekiti ananiambia lori haipendezi kwenye arusi. Jumamosi wanakutana tena. Nitaenda na karatasi yangu ya hesabu.