Risasi kuukuu: Urahisi wake una gharama

MAREKANI ilipoanza kunyima vibali vipya vya kuingiza risasi kutoka Urusi mnamo Septemba 2021, ilifunga mlango mmoja wa bidhaa hiyo ya bei nafuu. Walenga shabaha wanaogeukia masalio ya majeshi ya kale wasighurike na bei.

Fataki za risasi nyingi za enzi ya Kisovieti huacha chumvi mtutuni. Chumvi hufyonza unyevu na kuzaa kutu. Mafuta pekee hayaiondoi; sharti mtutu uoshwe kwa maji, ukaushwe, kisha upakwe mafuta.

Isitoshe, risasi kuukuu yaweza kuchelewa kulipuka. Ikikataa, bunduki ielekezwe pasipo na mtu kwa angalau sekunde 30 kabla ya kufunguliwa.

Rahisi, walinena wahenga, ni ghali.